Darasa la Kutembea

Siku hizi nikisikia wazazi wa mjini wakisema wamewatoa watoto wao shuleni, wanawafundisha nyumbani, na Jumamosi wanakutana na familia nyingine kwenda kuangalia mamba au kupanda miche, nacheka peke yangu. Wanasema kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu. Sisi tulifanya hayo yote miaka ya sitini, porini, na hakuna aliyetuambia kwamba ni mtindo. Tulichojua ni kwamba hatuna shule.

Nyumbani kwetu palikuwa kwenye geti la mbung'o, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Ushirombo kuelekea Biharamulo. Kwa asiyejua, geti la mbung'o ni boriti iliyolazwa kukatiza barabara, banda moja refu la nyasi lenye giza, na wanaume wawili wa zamu wenye vinyavu vya mkono. Kila kilichopita kilisimamishwa. Lori la pamba liliingizwa bandani likapekuliwa uvunguni. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenda kwa miguu aligeuka, akanyoosha mikono, akapanguswa mgongo. Shabaha ilikuwa kuwazuia mbung'o wa kwetu, nzi wanaoeneza malale, wasipande mgongoni mwa mtu wakaenda kushukia kwenye ng'ombe wa Usukumani. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale wanaume. Watu waliwaita mabwana mbung'o, na baba aliipenda heshima ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Nyumba zilikuwa nne tu. Yetu ilikuwa ya baba, mama, mimi na mdogo wangu wa mgongoni. Iliyofuata ilikuwa ya Mama Pacha, mwenye mapacha wawili wa kiume waliokuwa na kelele za watoto sita. Ya tatu ilikuwa ya Mama Cherehani, aliyekuja na cherehani yake ya mkono kutoka Shinyanga na hakuruhusu mtu yeyote aiguse, mumewe akiwemo. Huyu alikuwa na binti mmoja wa rika langu, rafiki yangu, mtoto mtaratibu kupita kiasi. Ya nne ilikuwa ya kapera, bwana mbung'o kijana asiyekuwa na mke wala mtoto wala sufuria ya maana, na ambaye kwa sababu hiyo alikula kwetu zamu kwa zamu.

Shule ya karibu ilikuwa ya misheni, upande wa Ushirombo, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu ya mtoto, na katikati kulikuwa na msitu ambao fisi waliuhesabu kuwa wao. Wazazi wengine wangetugawa kwa ndugu. Mama yangu alikataa. Alisema yeye amesoma kwa masista, kusoma anajua, kuandika anajua, hesabu anajua, kwa hiyo watoto watasoma hapahapa. Mama Pacha na Mama Cherehani wakafurahi, wakaanza kumwita Mama Mwalimu, na baada ya muda ikasemwa getini, mpaka na madereva wa malori, kwamba yule mama amemaliza darasa la nane.

Sasa, mama alikuwa na shida moja ambayo masista hawakumfundisha namna ya kuitatua. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kubebwa. Si kubebwa tu, kubebwa na kutembezwa. Mama akisimama, analia. Mama akikaa, analia mpaka anabadilika rangi. Siku ya kwanza ya masomo tulikalishwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mama akaandika a, e, i, o, u kwenye kipande cha bati, na kabla hajafika u hatukusikia tena kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama alikung'uta mkeka, akaukunja, akasema, "Simameni. Tunakwenda kuni."

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na njia ya zamani ya mabwana mbung'o. Kazi yao nyingine, mbali na geti, ilikuwa kuzunguka porini kupima kama mbung'o wanaongezeka. Wawili walibeba shuka jeusi lililotundikwa kwenye ufito mrefu, mmoja mbele mmoja nyuma, maana mbung'o anapenda cheusi kinachotembea. Kila baada ya mwendo fulani kulikuwa na mti uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba. Hapo walisimama, wakawakamata kwa vinyavu wale waliotua kwenye shuka, wakaandika, wakaendelea mpaka mti unaofuata. Upande wa kwetu vichaka vilishafyekwa na mbung'o walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo mabwana mbung'o walihamia njia nyingine wakatuachia ile pamoja na miti yake. Mti wa kwanza ulikuwa nyuma ya jiko la Mama Pacha. Wa kumi na mbili ulikuwa karibu na kisima.

Mama akaigeuza njia ile kuwa shule. Kila mti akaupa somo lake. Mti wa kwanza ulikuwa wa sala na kuitana majina. Wa pili ulikuwa wa tebo ya pili, mbili mara moja mpaka mbili mara kumi na mbili, wa tatu ya tatu, na kuendelea hivyo hadi wa tisa. Wa kumi ulikuwa wa jiografia, tukataja mikoa na maziwa na mito. Wa kumi na moja ulikuwa wa kugawanya. Wa kumi na mbili ulikuwa wa barua: hapo ulisimama ukasema barua nzima kwa mdomo, kuanzia anwani mpaka wako mtiifu, halafu ukaiandika mchangani kwa kijiti. Kati ya mti na mti tuliokota kuni na kurudia tulichosema. Kisimani tulichota maji, na kurudi tulipita miti ileile kinyumenyume, ndoo kichwani, tebo ya tisa ikitangulia ya nane.

Mama akatembea, mtoto akalala, kuni zikapatikana, maji yakapatikana, sisi tukasoma. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na kazi tano na mikono miwili ataelewa kwamba huo haukuwa ufundi wa ualimu. Ilikuwa kubana tu mpaka mambo yakae.

Na tulijifunza, tena haraka. Mti wa saba ulikuwa mninga wenye kovu refu lililovuja utomvu mwekundu, na mpaka leo sijui kama nilikariri saba mara nane au nilikariri lile kovu. Wa nne ulikuwa na sungusungu wanaouma, kwa hiyo tebo ya nne sote tuliisema upesi kuliko nyingine. Wa tano ulizaa matonga, yale matunda ya gamba gumu, na mmoja wa mapacha alikuwa akikosea makusudi hapo ili arudie, huku mwenzake akitafuta lililoiva. Mama alipogundua, aliihamisha tebo yao ya tano kwenye mti wa sungusungu kwa wiki nzima.

Mama Cherehani alitushonea madaftari kwa karatasi za mifuko ya saruji. Mama Pacha alitulisha. Alisema hajui a wala be, lakini hakuna mtoto atakayesoma na njaa yeye akiwepo, na kila tuliporudi tulikuta michembe imechemka, viazi vile vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, amevitia karanga.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa. Geti liliachiwa mtu mmoja wa zamu, na familia zote zilizobaki zikatoka pamoja. Mama aliita "masomo ya nje", kana kwamba kulikuwa na ya ndani. Tulikwenda gulioni, kila mtoto akapewa kitu kimoja cha kuulizia bei kwa wachuuzi watano na kumletea mama jibu, mpaka wachuuzi wakaanza kujificha wakituona. Tulikwenda kwenye mto uliokauka kuchimba mchanga mpaka maji yatoke, na baba akatueleza kwa nini yanatoka. Alieleza kwa muda mrefu sana. Masika tulikwenda kutafuta uyoga, Mama Pacha akiwa mwalimu, na siku hiyo mama yangu alikuwa mwanafunzi kama sisi, akaulizwa maswali, akakosea, akacheka.

Safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kambi ya warina asali. Tuliondoka asubuhi, kapera akiwa mbele na kuku wa kuchoma aliyefungwa kwenye majani. Alikuwa amejitolea kumbeba, na nadhani kila mtu aliona hatari isipokuwa mama. Mrina asali alikuwa mzee wa Kisumbwa, mpole, mwenye harufu ya moshi. Mama alimwomba atuulize maswali ya kazi yake. Mzee akafikiri, akasema, "Nina mizinga saba. Kila mzinga unanipa vibuyu vinane. Nina vibuyu vingapi?"

Sisi wanne tukatazamana. Halafu, bila kuambiwa, tukapanga mstari tukaanza kutembea kuizunguka kambi. Mzee alitutazama tukipita mara ya kwanza, akatutazama mara ya pili, akamwuliza mama kwa sauti ya chini kama watoto wana tatizo. Tulipokuwa tumepita miti saba, rafiki yangu akasema, "Hamsini na sita." Mzee akasema ni kweli. Mama alicheka, nasi tukacheka. Hakuna aliyeona kitu cha kuogopesha hapo. Baadaye tulipokaa kula, tulikuta kuku ana paja moja, na kapera akaapa kwamba alizaliwa hivyo.

Maisha hayo yaliendelea karibu miaka mitatu, na mimi niliamini yataendelea mpaka nizeeke. Basi jioni moja baada ya mavuno, tukiwa tunapukuchua mahindi, mama akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mwakani tunakwenda shule ya misheni. Dada yake Mama Pacha alikuwa ameolewa karibu na pale na angetupokea nyumbani kwake siku za masomo.

"Kwa nini usitufundishe wewe tu?" nikamwuliza.

"Kwa sababu nimesema mnakwenda."

Hiyo haikuwa sababu, na nilimwambia hivyo, nikatumwa kufunga kuku. Kesho yake nikauliza tena. Mwezi uliofuata nilikuwa bado nauliza. Mama, aliyekuwa na jibu kwa kila swali la kila mti, kwa swali hili hakuwa nalo. Nikahitimisha kwamba ametuchoka. Ukiwa na miaka kumi hitimisho la namna hiyo linakukaa vizuri, unalibeba kila mahali. Niliacha kutembea karibu naye njiani. Nilisema tebo kwa sauti ya mtu anayelipishwa faini.

Mambo yakawa mabaya zaidi jibu la mwalimu mkuu kwa barua ya mama lilipokuja kwa mkono wa dereva wa lori. Watoto wangepimwa kwa kuingia darasa la tatu au la nne. Atakayeshindwa, kama ni mdogo, ataanza la kwanza. Kama amefika miaka kumi, nafasi ya la kwanza hana, imekwisha. Mapacha walikuwa na miaka minane. Wenye kumi tulikuwa mimi na rafiki yangu. Yeye angalau alikuwa na cherehani ya mama yake ikimsubiri. Mimi nilikuwa na shangazi, karibu na Kolandoto, aliyekuwa amejifungua mtoto wa sita na alishatuma salamu mara mbili akimwomba baba amletee yule binti asiyekwenda shule, amsaidie kulea.

Kwa hiyo nilikuwa siitaki shule na nilikuwa naogopa kuikosa, yote kwa pamoja, na lawama zote nilimwekea mama.

Siku ilipofika tulipanda lori la pamba, mama na mdogo wangu, sasa wa miaka mitatu lakini bado wa mgongoni, na sisi wanne tumevaa nguo nyeupe, zimeshonwa na Mama Cherehani, zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Shule ilikuwa na uzio wa minyaa na geti dogo la mbao. Tulipofika pale tukasimama, tukageuka, tukanyoosha mikono. Tulisubiri. Wanafunzi waliokuwa wanafagia uwanja waliacha kufagia.

"Pitani," mama akanong'ona. "Hapa hawapangusi."

Tukapita. Ndani kulikuwa na watoto mamia, na wasichana wote wamevaa sketi za bluu nzito, rangi ambayo kwetu hata ukipewa bure hukuivaa, maana mbung'o akiiona anakuja mbio. Mmoja wa mapacha aliniuliza kama hawa watu hawajaambiwa.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni na subira kidogo. Alimwambia mama akae barazani, akatuingiza sisi kwenye chumba cha darasa na kutukalisha kwenye madawati. Hilo lilikuwa dawati langu la kwanza. Lilikuwa limefungana na benchi lake, ukiingia umeingia. Dirisha lilikuwa nyuma yetu. Mbele kulikuwa na ubao, na juu ya ubao hakuna kitu.

"Wewe," akanielekezea chaki. "Saba mara nane."

Nilifungua mdomo. Nilijua kwamba najua. Nilikuwa nimesema saba mara nane labda mara elfu, kwenye jua, kwenye manyunyu, na ndoo kichwani. Nilitafuta, nikakuta ukuta uliopakwa chokaa. Akaniuliza sita mara tisa. Ukuta. Akamwuliza rafiki yangu, naye akatazama mikono yake. Mapacha, ambao hawakuwahi kunyamaza kwa pamoja tangu wazaliwe, walinyamaza kwa pamoja.

"Hamkusoma chochote?"

Nilimwona shangazi yangu. Nilimwona wazi kabisa, na mtoto wa sita, na nepi zake. Nikasikia miguu yangu chini ya dawati inatikisika yenyewe, na hapo ndipo nilipojua kitu gani kimepungua.

"Mwalimu," nikasema, "naomba kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Mpaka mti wa saba."

Dirishani kulikuwa kumejaa wanafunzi, na wote walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Rafiki yangu, yule mtaratibu, aliyekuwa haongei mbele ya wageni, akasimama kadiri dawati lilivyomruhusu. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Kwetu tebo ya saba iko kwenye mti wa saba. Humu ndani haipo."

Mwalimu mkuu akaweka chaki chini. "Tokeni," akasema. Pacha mmoja akaanza kulia, akidhani tumefukuzwa. "Tokeni nje, twende kwenye miti."

Kutoka ofisini mpaka kanisani kulikuwa na njia iliyopandwa mijohoro upande mmoja. Nilisimama mbele, rafiki yangu nyuma yangu, mapacha nyuma yake. Tulipoanza kutembea nilihisi kichwa kinafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Kwenye mjohoro wa kwanza tulisali, na mwalimu mkuu akalazimika kuvua kofia. Wa pili tukasema ya pili. Wa tatu ya tatu. Kwenye wa nne tulisema haraka sana, na sikuweza kumweleza kwa nini. Kwenye wa saba nilisema tebo nzima, kutoka saba mara moja mpaka saba mara kumi na mbili, na nilipofika hamsini na sita niliitamka kwa sauti ambayo nadhani walisikia kanisani.

Mama alikuwa amesimama barazani. Alipotuona tunatembea naye akaanza kutembea, upande wa pili wa uwanja, sambamba nasi, mtoto mgongoni.

"Mama, kaa tu," mwalimu mkuu akamwita. "Usiwasaidie."

"Siwasaidii, mwalimu. Mtoto atalia."

Akaachwa atembee. Hakusema neno, hakutupa hata jicho. Lakini tuliposimama alisimama, na tulipoendelea aliendelea.

Mwalimu mkuu akaanza kutuvuruga makusudi. Aliturudisha kutoka wa nane hadi wa tatu, akaturusha hadi wa sita. Hilo halikutusumbua, maana kwa miaka mitatu tulikuwa tumerudi kinyumenyume na maji. Kilichotusumbua ni kwamba mijohoro ilikuwa tisa tu. Tulipomaliza ya tisa pacha mmoja alitazama mbele, akamwambia mwalimu mkuu kwa huzuni, "Imekwisha," kama vile shule yao imetuangusha.

Sikutaka kuachia hapo. Nikaifanya nguzo ya bendera kuwa mti wa kumi, tukataja mikoa na maziwa na mito. Pipa la maji likawa wa kumi na moja, akatupa za kugawanya, tukazigawanya. Kwa wa kumi na mbili nilitazama huku na huku, sikuona kitu kilichosimama isipokuwa yeye mwenyewe. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamsomea barua kwa mdomo, na anwani, na tarehe, na ndugu mpendwa, na jinsi tulivyo wazima wa afya isipokuwa mbuzi mmoja. Halafu nikachuchumaa nikaiandika mchangani, mbele ya viatu vyake. Alisoma kwa kichwa chini mpaka wako mtiifu.

"Wasichana la nne," akasema. "Mapacha la tatu, na wasikae dawati moja." Akaongeza, "Kusoma mmesoma. Kilichobaki ni kujifunza kukaa."

Nilifurahi kupita maelezo. Nilifurahi mpaka nikasahau kumnunia mama, nikaingia naye ofisini nimemshika kanga.

Mwalimu mkuu alituandika kwenye daftari kubwa, kisha akalifunga, akamtazama mama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Umewafundisha wewe peke yako?"

"Na wenzangu. Mmoja amewalisha, mmoja amewashonea madaftari."

"Mama, mimi hapa darasa la kwanza lina watoto themanini na halina mwalimu. Aliyemaliza la nane naruhusiwa kumpokea, akajifunza kazi hapahapa akiwa anafundisha. Nyumba ipo, ndogo. Mumeo anaweza kuomba uhamisho." Alikuwa tayari ameshachukua karatasi nyingine na kalamu. "Nimesikia umemaliza la nane. Nikuandikie mwaka gani?"

Sijawahi kutaka kitu haraka namna ile. Katika muda wa kalamu kugusa karatasi nilishahamia kwenye hiyo nyumba ndogo, mama yuko darasa la pili kutoka langu, hakuna wa kuachana na mtu. Alichotakiwa ni kutaja mwaka. Mwaka wowote. Hakuna ambaye angekwenda kuuliza.

Mama alikaza mbeleko ya mtoto.

"Mwalimu, niliishia la tatu. Nalo sikulimaliza. Mama yangu aliugua, nikarudi kulima."

Kalamu ikabaki pale ilipokuwa. Mwalimu mkuu alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, alisema mara mbili. Alisema kama ingekuwa juu yake angempokea. Mama akamwambia hapana shida, ila ahakikishe majina ya watoto yameandikwa kwa wino. Akamwonyesha mahali ambapo jina la pacha mmoja lilikuwa limekosewa.

Tulipotoka nilimvuta kanga kwa hasira. "Kwa nini hukusema la nane? Watu wote wanasema la nane."

"Wanasema wao. Mimi sijasema."

"Lakini ungesema tu."

Alikuwa anatembea, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kufurukuta, na mimi nilikuwa namkimbilia pembeni. Aliponijibu hakunitazama. Alisema kwamba ana kitabu cha hesabu alichopewa na masista, na kina kurasa ambazo amezifungua na kuzifunga mwaka mzima. Kuna nukta, alisema, inakaa katikati ya namba. Inaitwa desimali. Ameitazama akiwa anasonga ugali, ameitazama akiwa ananyonyesha, na hajui inafanya nini pale, na hapakuwa na mtu getini wa kumwuliza.

"Ningewaweka mwaka mwingine," akasema, "mngezunguka tu kwenye miti mliyokwisha kuimaliza. Nimefika mwisho wa ninachokijua, mwanangu. Sikuwa na kingine cha kuwapa."

Miezi mitatu nilikuwa nimemwuliza kwa nini, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia samahani, lakini kwetu mtoto hakujua kumwambia mama yake samahani kwa jambo ambalo hakukamatwa nalo. Nikashika kidole chake kimoja, kama mtoto mdogo, mbele ya wale wasichana wote wa sketi za bluu.

"Nikishaijua hiyo desimali," nikasema, "nitakufundisha."

Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vumbi la miguu, jicho lilelile alilokuwa akitutazamia tulipodai tumekariri.

"Ijue kwanza," akasema, na akaenda kumtafuta dereva wa lori.